Kuituliza nafsi ilhali khofu ingalipo

Sifa njema zote anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Barabara itokayo Mtwara kwenda Masasi ikifika Nanganga hutoa njia ya kwenda Ruangwa na Nachingwea. Katika miaka ya karibuni wakulima wa wilaya hizo wamekuwa wakikesha kulinda mazao dhidi ya tembo, na wapo waliouawa nao. Aliyefiwa kwa namna hiyo huzika, kisha jua likichwa hurudi kulinda shamba lile lile. Mfano wake ni mke anayepigwa, ambaye kila jioni humngojea yule yule anayemwogopa. Watu hawa wakikosa usingizi na raha ya moyo, je, tuwatibu nafsi zao sasa, au tungoje hatari iondoke?

Wapo wasemao tungoje, kwani jeraha halifungwi na mshale ungali mwilini. Hoja hii ina uzito, lakini yaliyoonekana mashariki ya Kongo yanatufunza zaidi. Huko Kivu, vita vikiwa havijakwisha, wanawake 405 wa vijiji 15, waliofanyiwa ukatili wa kijinsia au kuushuhudia, walihudumiwa na Wakongo wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika baadhi ya vijiji walikutana kwa vikundi wakafunzwa kuyapima mawazo yao, kama lile la kujilaumu kwa dhulma waliyotendewa. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa takriban 9 katika kila 100. Katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja tu, walikuwa takriban 42.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Surat Dhuha na Surat Inshirah zilishuka Makka, mateso yakiendelea. Wakati huo wa Makka, Mtume (SAW) aliwaelekeza baadhi ya masahaba wahamie Uhabeshi kwa mfalme mwadilifu. Faraja haikungoja usalama, wala haikufanywa badala ya usalama. Na Surat Quraysh imezitaja pamoja neema mbili: chakula penye njaa, na amani penye khofu.

Basi anayejiwa na mwenye huzuni, awe imamu au mzazi, aanze kwa kuuliza: umekula? Leo utalala wapi? Nani anakutisha? Mke anayepigwa asirudishwe kwa neno la subira tu. Apate jamaa wa kumhifadhi, na taarifa ifike dawati la jinsia na watoto la polisi. Mkulima apokewe zamu na majirani, apate walau usiku mmoja wa kulala. Na anayetaja kujiua afikishwe hospitali upesi, asiambiwe kuwa imani yake ni dhaifu.

Tunamuomba Allah (SW) azipe nyumba zetu amani, na atujaalie tuwe sababu ya amani hiyo. Amin.