Lenzi ya Zamani Haina Kosa

Jamani, wapiga picha wa Kisii na Nyamira, acheni kuuza lenzi za mkono kwa bei ya kutupa eti "hazipimi mwanga"! Funga Helios 44-2 kwa adapta kwenye Canon EOS, weka Av, elekeza kwenye kinyago cha Tabaka: kamera inapima. Lakini Nikon D40 ya 2006, na hata D3500 ya 2018, ikikosa chipu ya lenzi inazima kipimo. Eti haijui ukubwa wa tundu. Ya nini kujua? Ukilibana tundu kwa mkono, mwanga uliopita ndio wa kupima! Mimi ni mprogramu: huo ni uamuzi wa programu. Mwenye Nikon hiyo, weka M, piga, soma histogramu, rekebisha. Usikope kununua lenzi mpya. Au nakosea?