MWENYE NGAO NA POINTI ZAKE



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma juu ya usafi wa ua, juu ya Egzetat na juu ya mpira. Leo sisi wa madarasa ya juu tunaomba nafasi ndogo ya kusema juu ya jambo ambalo wakubwa wetu wataliona kuwa la mchezo. Na ni la mchezo kweli: namna ya kugawanya pointi za mtu yule anayesimama mbele ya wenzake katika michezo ya telefone, ile ambayo watu wengi huicheza pamoja kwa intaneti. Tunajua walimu wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, sababu jambo hili lilitugombanisha, na ugomvi wenyewe haukubaki ndani ya telefone.

Kwanza tueleze kwa wale wasiojua. Katika michezo hii kila mmoja huongoza mtu wake. Mtu huyo ana sifa mbalimbali, na kila akipanda daraja anapewa pointi za kuziongeza. Mambo haya si mapya. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons, ambamo kila mtu alikuwa na sifa sita, na sifa hizo zilipatikana kwa kurusha dadu. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza mchezo wa namna hiyo ndani ya ordinatere, watu wengi wakicheza pamoja. Mwaka 2002 Wakorea walitoa Ragnarok Online, na hesabu zake ndizo tutakazozitumia hapa, kwa sababu ziko wazi. Mchezo tunaoucheza siye wenyewe hatuutaji jina, maana hatufanyi biashara ya mtu. Ila hesabu zake ni za ukoo huo.

Katika kundi kuna kazi tatu. Kuna wanaopiga, kuna anayeponya, na kuna anayesimama mbele ili adui ampige yeye, wengine wapone. Huyo wa tatu wachezaji wa dunia yote wanamwita kwa jina la lile gari la chuma la vita. Sisi watu wa Goma jina hilo hatuna hamu nalo. Tumelisikia likipita barabarani, na inatosha. Basi tumempa jina lingine: mwenye ngao.

Sasa habari yenyewe. Tulikuwa watu watano. Kila siku ya posho tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu ambako kuran haikatiki sana, tukachanga feza za mega, tukacheza. Mwenzetu mmoja alikubali kuwa mwenye ngao, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Pointi zake akaziweka kwenye uzima, kwenye ustadi wa mikono, na nyingine kwenye akili. Kwenye nguvu aliweka kidogo tu.

Lakini kila mapigano yakiisha, telefone inaonyesha orodha: nani ameua wangapi. Yeye alikuwa wa mwisho kila mara. Tukaanza kumcheka. "Weye uko muzigo tu! Siye tunapiga, weye unasimama kama muti!" Alinyamaza kwa majuma mengi. Halafu siku moja alikuja na mtu mpya kabisa, amemjenga peke yake usiku, pointi karibu zote ameziweka kwenye nguvu. Akasema, "Haya, sasa na miye napiga."

Juma lile tulikufa wote watano mbele ya mlango wa pango ambalo tulikuwa tumezoea kulipita. Juma lililofuata vilevile. Mara ya tatu mega ziliisha, kila mmoja akamsukumia mwenzake kosa, na maneno mabaya yakatoka. Siku ya kwanza darasani wawili hawakusalimiana. Na kundi hilo la mchezo ndilo lililokuwa kundi letu la kurudilia masomo. Aliyekuwa mwenye ngao ndiye aliyekuwa akitueleza kemia. Basi kemia nayo ikasimama.

Ndipo tukaketi na karatasi na bik, tukafanya hesabu tuliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Haya ndiyo tuliyoyaona.

La kwanza: pointi zina bei, na bei inapanda. Katika Ragnarok Online ya zamani, kupandisha sifa toka 1 mpaka 11 unalipa pointi 2 kwa kila ngazi. Toka 11 mpaka 21 unalipa 3. Inaendelea hivyo mpaka ukipita 91, ambapo kila ngazi moja inakula pointi 11. Kufikisha sifa moja toka 1 mpaka 51 inaomba pointi 200. Kuitoa 51 na kuifikisha 99 inaomba 428. Kwa hizo 428 ungeweza kupandisha sifa nyingine mbili toka 1 mpaka 51, na bado ukabaki na 28 mfukoni. Hadi daraja la 99 mchezaji anapata pointi 1273 kwa jumla, na sifa moja ikifika 99 imekula 628. Yaani akijaza mbili, zinabaki 17 kwa zile nne nyingine. Anayetaka kuwa wa kwanza kwa kitu kimoja anakinunua kwa bei kali sana.

La pili: uzima unafanya kazi ambayo orodha haionyeshi. Kila pointi ya uzima inaongeza damu ya mtu kwa 1 kwa mia. Tena inaongeza nguvu ya dawa anayokunywa kwa 2 kwa mia. Maana yake, mwenye uzima 50 chupa moja inamfaa kama chupa mbili. Chupa zinanunuliwa kwa feza ya kundi, kwa hiyo aliyeweka pointi kwenye uzima alikuwa anatunza mfuko wetu wote, na siye tulikuwa tunamcheka.

La tatu: kukwepa ni kuzuri mbele ya adui mmoja. Kuna wanaosema, "Weka wepesi, usipigwe kabisa." Lakini katika mchezo huo, kuanzia adui wa tatu, kila anayeongezeka anapunguza uwezo wako wa kukwepa kwa 10 kwa mia. Sasa kazi ya mwenye ngao ni kuzungukwa. Wakiwa saba, nusu ya wepesi wake imekwenda. Mwepesi ni mtu wa kwenda peke yake porini. Mbele ya kundi hafai sana.

La nne: damu na ulinzi vinazidishana, havijumlishwi tu. Chukua mtu mwenye damu 1000. Vazi lake likipunguza pigo kwa 50 kwa mia, adui atahitaji mapigo ya 2000 kumwangusha. Vazi likifika 60 kwa mia, atahitaji 2500. Lakini asiye na vazi kabisa, akipata 10 kwa mia za kwanza, anatoka 1000 mpaka 1111 tu. Yaani 10 za mwanzo zinaleta 111, na 10 za baadaye zinaleta 500. Kwa hiyo uzima ukishaanza kuwa ghali, feza ya kundi iende kwenye ngao na vazi. Na mponyaji naye anafaidika: akimrudishia damu 100 mtu mwenye ulinzi wa nusu, ni kama amerudisha 200. Damu nyingi bila ulinzi inamchosha mponyaji bure.

Lakini tusije tukaanguka upande wa pili. Wapo wanaosema mwenye ngao aweke pointi zote kwenye uzima, basi. Hilo pia tunalikataa. Ukuta ambao adui anaupita pembeni haulindi mtu. Katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa mwaka 2004, kila pigo na kila uponyaji unaongeza hasira ya adui juu ya aliyeufanya, na adui anamwendea aliyemkasirisha zaidi. Mwenye ngao asiyeweza kupiga hata kidogo atasimama mzima kabisa, huku mponyaji wake anakufa nyuma yake. Katika Ragnarok kuna kazi moja ya askari wa msalaba ambayo kwayo anachukua maumivu ya wenzake hadi watano, yawe yake. Kuifanya inaomba muda wa kutamka, na ustadi wa mikono unaupunguza muda huo. Inaomba nguvu ya roho, na hiyo inatoka kwenye akili. Mwenye uzima peke yake ataitamka polepole, wenzake wamekwisha anguka.

Ukitaka mfano wa hapa kwetu, utazame chukudu. Wale wanaoshuka toka Kibumba na magunia ya makala na mboga hawakuchongewa mti mnene kila mahali. Fundi anaweka mti wa nguvu pale mzigo unapokaa, lakini hasahau usukani, wala hasahau mpira wa kuzungushia gurudumu. Chukudu yenye kubeba sana isiyoweza kukata kona itamaliza safari shimoni, na mzigo wake wote.

Basi shauri letu ni hili, kwa hesabu ya zile pointi 1273. Uzima ufike 81: inakula 440. Ustadi wa mikono ufike 61: inakula 270. Akili 51 na nguvu 51: kila moja 200. Jumla ni 1110, zinabaki 163, na hizo mwenyewe azitumie anavyoona kundi lake linakosa nini. Bahati aiache kama ilivyo. Kama kuna mtu ana hesabu nzuri kuliko hii, aiandike, gazeti ni la wote.

Sasa tunarudi kwa walimu. Mtatuambia: pointi za kweli ziko kwenye buletini, si kwenye telefone. Hatubishi. Saa tulizozimaliza mbele ya lile pango hazitarudi, na feza za mega zilikuwa za wazazi. Tumekwisha kupatana wenyewe: siku ya posho tu, saa mbili, na mwezi wa Egzetat ukikaribia tunafunga kabisa. Ila tunawaomba mtazame na upande huu: ile orodha ya waliopiga sana haikutoka kwenye telefone peke yake. Hata hapa masomoni tunamtaja aliyefunga goli, na beki aliyezuia matano hatumkumbuki. Tunapiga makofi kwa aliyeimba peke yake, na aliyebeba viti tangu asubuhi anarudi nyumbani bila asante. Halafu mwaka unaofuata tunashangaa: mbona hakuna tena anayetaka kubeba viti?

Hapo ndipo kosa letu lilikuwa. Tulifikiri mwenzetu alikosea hesabu alipoweka pointi zote kwenye nguvu. Hakukosea hesabu. Alikuwa amehesabu sawa kabisa kile tulichokuwa tunakiheshimu, akakinunua. Kundi likimheshimu mpigaji tu, litapata wapigaji watano, na watano hao watakufa mlangoni. Mwenye ngao atatoa pointi zake kwa ajili ya wengine pale tu wengine wanapojua bei aliyolipa. Vinginevyo, ni nani mjinga wa kupigwa kila siku, na mwishowe aitwe mzigo?

Kwa hiyo tunasema kwa makundi yote yanayocheza, na yale yasiyocheza: kabla ya kumwambia mtu asimame mbele, muulizane ninyi wa nyuma mtamlipa nini. Dawa za kundi apewe yeye kwanza. Vazi jipya likipatikana, apewe yeye. Na ile orodha ikitokea, mtu aseme kwa sauti: leo tulipona juu ya fulani.

Na kwako wewe mwenzetu, jina lako hatuliandiki, lakini ukisoma utajijua. Tulikucheka bila haki. Tunakuomba msamaha hapa mbele ya masomo yote, kwa sababu na kukucheka tulikucheka mbele ya watu. Mchezo ukitaka kurudi, urudi na mtu unayempenda, hata kama ni wa kupiga. Zamu ya ngao tutaichukua mmoja mmoja, siye nasi tujue namna inavyouma. Na usipotaka kucheza tena, hakuna neno. Ila kemia, tafadhali, turudilie pamoja. Kiti chako tumekiacha palepale.



Sisi wanne wa madarasa ya juu.