Walimu, Tutoeni Nje Tukapime Vivuli

Usishangae kuona hesabu ndani ya gazeti la chama cha Kiswahili. Nina jambo limenikaa rohoni tangu kidato cha pili, na leo nalitema.

Jambo lenyewe ni pembetatu zinazofanana. Wengi wetu tulizikariri kama wimbo: pembe ziwe sawa, pande ziwe na uwiano mmoja. Tukanakili ubaoni, tukafunga daftari. Kisha mtihani ukabisha hodi. Nilipewa pembetatu ndogo ndani ya kubwa, zenye kilele kimoja na vitako sambamba. Upande wa ile ndogo ulikuwa sentimita 3, na kipande kilichobaki chini yake hadi mwisho wa ile kubwa kilikuwa sentimita 2. Kitako cha ndogo, sentimita 6. Nitafute kitako cha kubwa. Mimi huyoo, nikachukua 3 kwa 2, nikapata 4. Yaani kitako cha pembetatu kubwa kikawa kifupi kuliko cha ndogo, na wala sikushtuka! Kumbe upande mzima wa kubwa ni 5, uwiano ni 3 kwa 5, na jibu ni 10.

Je, nilikosa kwa uvivu? La hasha! Nilikosa kwa sababu sikuwahi kuziona pembetatu hizi popote ila ubaoni.

Na neno lenyewe lina mtego. Nyumbani tukisema mtoto na mamake wanafanana, tunamaanisha sura zinakaribiana. Katika hesabu hakuna kukaribiana. Ukizidisha pande zote za pembetatu moja kwa namba ile ile, ni lazima upate za pili. Nani alituambia hivyo waziwazi?

Likizo ya Disemba ndiyo iliyonifungua macho. Mnunuzi wa mbao alikuja kwa babu kutazama mgrevilia ulio kando ya kahawa. Akautupia jicho, akasema, "Mzee, huu hauzidi futi 30." Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Nikasimamisha fimbo ya mita 1 karibu na mti. Kivuli cha fimbo kilikuwa mita 1.5, na cha mti mita 18. Jua ni moja, miale yake inashuka kwa pembe moja, basi fimbo na kivuli chake, mti na kivuli chake, ni pembetatu zinazofanana. Gawanya 18 kwa 1.5 upate mita 12, karibu futi 39! Mnunuzi alikuna kichwa, akaongeza bei. Babu naye akaniuliza, "Haya ndiyo mnayosoma huko?" Nikaona haya kumwambia kwamba mtihanini niliyakosa.

Najua walimu watasema silabasi ni ndefu na darasa limejaa. Ni kweli jameni, lakini kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Kila kikundi kipewe fimbo na utepe, twende uwanja wa mpira. Kwetu Meru na Embu ni milima na mabonde, na mteremko hudanganya kivuli, kwa hivyo tutafute mahali tambarare. Tena twende asubuhi, maana tuko karibu na ikweta, na saa sita mchana mwezi wa Machi au Septemba kivuli hujificha miguuni.

Wala hili si geni. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa SMASSE, uliowahimiza walimu wa hesabu na sayansi watumie vitendo, majaribio na vifaa vya kujitengenezea. Fimbo ni kifaa gani kisichopatikana hapa kwetu?

Sisi wa 8-4-4 ndio mkia wa mtaala ulioanza mwaka 1985. Wadogo zetu wa mtaala mpya wanaambiwa watajifunza kwa kutenda. Isiwe maneno tu. Wahenga walinena, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Walimu wetu wapendwa, nta tumeitafuna vya kutosha. Tutoeni nje tukarine asali.