Kidonda cha bibi hakiponi? Usiseme "ni uzee tu"

Usinge, wilayani Kaliua, msimu wa kilimo haumwachi mzee nyumbani. Bibi wa miaka 70 hushika jembe pamoja na wajukuu, na jembe likiteleza halichagui mguu. Kidonda cha mjukuu hukauka ndani ya wiki moja hivi. Cha bibi, wiki ya pili bado kinalowesha kitambaa.

Tofauti imo ndani ya mishipa ya damu. Ukuta wa ndani wa kila mshipa umetandikwa safu moja ya seli. Siku za kawaida seli hizo hugawanyika mara chache sana. Ngozi ikikatika, huitwa kazini: ziongezeke, zichipushe vishipa vipya vya kupeleka oksijeni na chakula kidondani. Ile nyama nyekundu inayoota, inayotoka damu ukiigusa, imejaa vishipa hivyo.

Lakini seli hazigawanyiki bila ukomo. Mwaka 1961 Wamarekani Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za binadamu zilizokuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Kila zinapogawanyika, ncha za kromosomu hufupika kidogo. Zikifupika mno, seli huacha kuzaana ingawa haijafa. Za mishipa nazo zina ukomo wao. Kwa mzee, nyingi zaidi zimeshasimama, na zilizobaki huitikia polepole.

Basi kuchelewa kidogo ni kawaida. Tatizo ni kwamba neno "uzee" hufunika kisukari. Sukari ikizidi damuni huchakaza seli hizo hizo na kuua hisia za miguu. Bibi hasikii maumivu, nyumba nzima inatulia, na kidonda kinachimba hadi mguu unakatwa. Nikotini nayo hubana mishipa, iwe ya sigara au ya ugoro, na Kaliua kwenye mashamba ya tumbaku ugoro hautafutwi mbali.

Siku ile ile ya kuumia, ulizia zahanati chanjo ya pepopunda. Kidonda kisichopungua baada ya wiki mbili kirudishwe huko, na sukari ipimwe. Chenye usaha, harufu au weusi pembeni hakisubiri hata siku moja. Majivu na majani ya kuponda yakae mbali. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa safi. Halafu mpe bibi maharage, mayai na dagaa, maana seli hazijengwi kwa ugali mtupu. Usinge ipo kwenye reli ya Kigoma, dagaa si wa kutafuta kwa tochi.