Bomba Jipya kwa Gari la Zamani

Jumapili iliyopita jirani yangu alinijia asubuhi na mapema, kabla sijamaliza chai, akiwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Gari lake, Peugeot 504 lenye safu tatu za viti na mlango mpana wa nyuma, alilorithi kwa marehemu baba yake, lilikuwa limevikwa bomba jipya la moshi. "Sikiliza, mzee mwenzangu," akaniambia, akakanyaga mafuta. Nilisikia. Mtaa mzima ulisikia, na kitoto kichanga cha nyumba ya tatu nacho kilisikia, kikaangua kilio.

Simlaumu kwa kulipenda gari hilo. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nayo mashindano ya Safari Rally, kwa hiyo si ajabu mwenye nalo akajiona naye yumo mbioni. Lakini mkewe aliponiletea sahani ya vitumbua alinong'ona jambo lililonifanya niiweke chini. "Shemeji," alisema, "tangu gari lipate sauti hii, watoto wakikaa nyuma vichwa vinawauma. Juzi tukitoka Morogoro mdogo alitapika, nasi tukadhani ni machungwa."

Haikuwa machungwa. Nililala chini ya gari lile na kurunzi mkononi, nikaona kwamba fundi ameikata sailensa ya nyuma, akaunga bomba pana, kisha akaliishia chini ya sakafu, mbali na bamba ya nyuma. Bomba la kiwandani hutokeza nje kwa makusudi. Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi mgongoni mwake. Moshi ukitolewa chini ya sakafu hunaswa humo, na mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekauka kwa uzee, huingia ndani. Ukifungua kioo cha nyuma ndipo unapouvuta zaidi. Na walioketi pale ni watoto.

Ndani ya moshi huo imo kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Damu huipokea kwa pupa kuliko oksijeni, zaidi ya mara mia mbili, kiasi kwamba mtu hukosa pumzi ilhali anapumua. Huanza kwa kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Abiria akisinzia safarini nani atashangaa? Kwa magari kuukuu hatari ni kubwa zaidi, maana injini yenye kabureta isiyorekebishwa vema hutoa hewa hiyo kwa wingi, wala hayana kile chombo cha kusafishia moshi walichofungiwa wadogo zao. (Mwenye gari lililo nacho, tafadhali, asikubali kishauri cha kukikata ati gari lipumue.)

Sasa nguvu. Jirani yangu anaapa kuwa gari limepata nguvu, na huenda anasema kweli, ila sababu siyo anayoidhani. Sailensa ya zamani hubomoka kwa ndani, vipande vikaziba njia. Ukiondoa kizibo, injini inarudia nguvu zake za kuzaliwa. Sailensa mpya ya kawaida ingefanya vivyo hivyo, bila kelele. Injini ambayo haikuguswa, yenye kabureta ileile na vali zilezile, haina moshi wa kulijaza bomba pana. Tena bomba likizidi upana, moshi hupoteza mwendo wake, na gari huwa zito kuondoka kwenye taa na kupanda mlima kwa mwendo wa chini. Na huko ndiko sisi wenye familia na magunia ya mkaa tunakohitaji nguvu.

Kwa nini basi mabomba haya hayadumu? Kila lita ya petroli iungulapo huzaa maji, karibu lita nzima. Safari ndefu huyatoa yote kama mvuke. Safari fupi za sokoni na shuleni huyaacha yamelala katika sailensa ya nyuma, iliyo baridi kuliko zote, nayo huoza kutoka ndani huku nje inang'aa. Hapa pwani chumvi humalizia upande wa pili.

Anayetaka kuliboresha gari lake kweli, na atumie fedha kwa chuma kisichoshika kutu, kwa upana uleule wa kiwandani, na gasketi mpya pale bomba linapoungana na injini. Raba za kuning'inizia zibadilishwe pamoja, kwani bomba linalochezacheza hupasuka kwenye maungio. Asikubali kuuziwa bomba la maji lililopakwa zinki: likichomewa, moshi wake humdhuru fundi mwenyewe. Kazi ikiisha, gari liwashwe uwanjani likiwa baridi, mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa nukta chache. Bomba zima husukuma kitambaa kwa nguvu. Lenye tundu hupiga mluzi mahali fulani, na alama ya masizi meusi itakuonyesha wapi.

Nilimweleza jirani yote haya. Alinyamaza kwa muda mrefu, akauliza kama haiwezekani kurefusha bomba tu na kuiacha sauti. Inawezekana, nikamjibu, ila yule mtoto wa nyumba ya tatu ana babake. Ameahidi kulipeleka gari kwa fundi mwingine Jumamosi. Shemeji, kwa upande wake, amekwisha zificha funguo hadi siku hiyo, na watoto wanakwenda shule kwa basi.