LIWA YA BIBI NA SABUNI YA ZEBAKI

Neno "asili" siku hizi limekuwa neno la biashara. Limebandikwa juu ya makopo, juu ya chupa na juu ya vipande vya sabuni. Na wauzaji wengine hawana hata kopo, bali hutia mafuta yao katika vichupa vya maji vilivyokwisha tumika, wakamwambia mnunuzi kwa mdomo tu kuwa haya ndiyo waliyojipaka bibi zetu. Sisi pia tunao bibi zetu, na tuliwaona wakiifanya kazi hiyo. Twasema waziwazi kwamba vingi katika vitu vinavyouzwa kwa jina lao, wao wenyewe wasingevitambua.

Na tukumbuke kazi yenyewe ilivyokuwa. Mwanamke wa pwani aliyetaka kujipaka liwa alikuwa na kipande cha mti wa liwa na jiwe lake la msio. Alinyunyizia jiwe maji, au marashi akiwa nayo, akausugua mti polepole mpaka ukatoa uji mzito wenye harufu nzuri. Alijipaka uji huo usoni na mwilini, akakaa hata ukakauka, kisha akakoga. Binti aliyekuwa akiwekwa tayari kwa harusi alisingwa kwa singo, na singo hiyo ilitwangwa papo hapo nyumbani kwa asumini, waridi, langilangi na liwa, huku somo yake akimfunza mambo ambayo hapa si mahali pake. Sehemu za bara palikuwa na samli na mafuta ya mbarika. Hina ilichumwa mtini, ikakaushwa, ikatwangwa, ikakorogwa kwa maji ya ndimu. Kazi hii yote ilikuwa na jambo moja ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko harufu na rangi: aliyepakwa alimjua aliyempaka, na aliona kwa macho yake kila kilichoingia katika kinu. Kama ngozi iliwasha, alijua cha kuacha na wa kumwuliza.

Lakini hatusemi hata kidogo kuwa kila la kale lilikuwa jema. Yapo yaliyoua. Kupaka kitovu cha mtoto mchanga majivu au samadi kulileta pepopunda. Kukata kimeo cha mtoto kwa sababu ya kikohozi kumewatoa watoto damu nyingi, na wengine hawakupona. Wanja nao una mambo yake: ule wa masizi ni kitu kimoja, lakini wanja wa manga husagwa kutokana na jiwe, na mara nyingi jiwe hilo ni la madini ya risasi, ambayo yakimwingia mtoto mdogo humharibu ubongo. Mama anayempaka mtoto wake wanja huo machoni ili apendeze hana nia mbaya, wala mama yake hakuwa nayo. Sumu haiulizi nia. Hata mwarobaini, mti tunaousifu sana, mafuta ya mbegu zake yakinyweshwa mtoto mchanga yanaweza kumletea degedege na mauti.

Basi haya ni mambo ya kupimwa, na kupimwa kwenyewe kumekwisha anza zamani. Mwaka 1974 kiliundwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa Taasisi. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda Baraza la kuwasajili waganga na kuwasimamia. Na yapo ya kale yaliyopimwa yakashinda mtihani. Bibi aliyemwambia mjukuu atafune karafuu jino linapouma alisema kweli: ndani ya karafuu mna mafuta ya yujenoli, ambayo madaktari wa meno huyachanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Pemba, katika kiwanda cha Wawi, mafuta ya namna hiyo hutolewa kwa mvuke katika makonyo. Mswaki wa mti nao umesifiwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani.

Sasa tutazame biashara ya leo. Tuanze na piko. Hina ya kweli hutoa rangi ya kahawia au nyekundu, na huchukua saa nyingi kukolea. Biashara haina subira hiyo, hivyo katika piko nyeusi hutiwa unga wa kupakia nywele rangi, ambao haukutengenezwa kukaa juu ya ngozi. Wapo waliochorwa maua mkononi siku ya arusi wakabaki na malengelenge, kisha wakawa hawawezi kugusa rangi ya nywele maisha yao yote. Ua lililochorwa lilikuwa la kale, rangi ilitoka kiwandani.

Baya zaidi ni zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake nyeusi, na ndiyo sababu ikatiwa katika sabuni na mafuta ya kujichubua. Haikai juu ya ngozi ikaishia hapo, bali hupenya ikafika katika mafigo, na kwa mwanamke mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Jambo hili si habari mpya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima waliokuwa wakivimba mwili kwa ugonjwa wa mafigo. Waliona kuwa wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki, na kuwa baadhi ya walioyaacha walipata nafuu. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake. Je, viwanda vya huko viliacha kutengeneza sabuni hizo? La hasha! Kwa miaka mingi baada ya hapo sabuni ya zebaki iliendelea kutengenezwa Ulaya na kupakiwa melini kuletwa Afrika. Iliyokuwa haramu kwa shavu la Mzungu ilikuwa halali kwa shavu letu, maadamu tulilipa. Kama huu si unyonyaji, basi hatujui unyonyaji ni kitu gani.

Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipatikana mwaka 2013, na mwaka 2023 mjini Geneva wanachama wake walikubaliana kuwa vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Tarehe imepita. Mwenye kupita masokoni na ajionee mwenyewe kama makopo ya kujichubua yamekwisha. Na penye upungufu wa makopo pana mkorogo, ambamo mafuta ya namna tatu nne hukorogwa pamoja, yakiwamo ya steroidi yanayoidhoofisha ngozi hata kidonda kikawa kigumu kupona, na mengine ya haidrokwinoni, ambayo kwa muda mrefu huacha mabaka meusi kuliko ngozi aliyoikimbia mtu. Haya nayo huitwa "asili"!

Hapa yatupasa kusema jambo moja juu ya historia yetu wenyewe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliopiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Kuhusu mafuta hayo vijana wale waliona sawasawa, tena kabla ya madaktari wa Nairobi kuandika. Lakini vikundi vya vijana viliwasumbua wanawake barabarani Kariakoo, na aliyeaibishwa alikuwa msichana mnunuzi, si mwagizaji wa sanduku zima. Kosa hilo lisirudiwe. Msichana anayetumia sehemu ya mshahara wake mdogo kununua weupe hakuizua kasumba hiyo. Ameisikia kwa watu wazima, kwamba mweupe ndiye mzuri, ndiye wa kuwekwa mapokezini, ndiye wa kuolewa. Sisi wanaume tunaosema maneno hayo vibarazani, kisha tukamcheka akitoka mabaka, tuna sehemu yetu katika deni hilo.

Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Twataka wakaguzi waanze kwenye ghala na bandarini, ndipo wafike kwenye meza ya mama muuzaji. Twataka pia kila anayeuza dawa au kipodozi kwa jina la asili aandike juu ya chombo kilichomo ndani, jina lake na mahali anapopatikana. Mwenye liwa safi hana cha kuficha.

Nao wananchi wasingoje wakaguzi. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji lisinunuliwe. Likiwa na maandishi, yatafutwe maneno mercury, mercurio au calomel. Wakati mwingine karatasi huonya kuwa mafuta yasigusane na pete ya dhahabu au ya fedha. Hiyo ni dalili ya zebaki, na kitu kisichofaa kwa pete kitafaaje kwa uso? Aliyekwisha yatumia asione haya. Aende hospitali na kopo lenyewe mkononi, apimwe mkojo na mafigo, na kama ni mafuta ya steroidi amwulize daktari namna ya kuyaacha, kwani kuyaacha ghafla huweza kuwasha ngozi upya. Taulo lake asilitumie na mtoto, na kopo lisitupwe jalalani, maana watoto huokota.