Mzazi Aliyepuuzwa Makao ya Wazee: Sitara, Dia na Suluhu

Wanaoosha maiti zetu ni watu wa siri. Wanaona ambayo hata watoto wa marehemu hawakuyaona, na wamefundishwa kusitiri. Lakini yako mambo ambayo muoshaji hurudi nayo nyumbani yakamnyima usingizi: mwili wa mzee aliyetolewa katika makao ya uuguzi, umekondeana, na chini ya kiuno, pale mtu anapolalia, pana kidonda kilichochimba mpaka mfupa ukaonekana. Kidonda cha namna hiyo hakiji kwa usiku mmoja. Aghalabu huja kwa mgonjwa asiyejiweza kuachwa ubavu mmoja siku baada ya siku, juu ya shuka zilizolowa, bila ya mtu wa kumgeuza.

Muoshaji hufanya nini? Hunyamaza, akidhani kwamba kunyamaza ndiyo sitara. Na jamaa akiuliza baada ya mazishi, huambiwa siku za mzee zilikuwa zimekwisha. Neno hilo ni la kweli, ila limewekwa mahali pasipokuwa pake.

Tumelichagua suala hili kwa sababu familia nyingi za misikiti yetu zina watoto Marekani, na wapo waliowachukua wazazi wao kwenda kuishi nao, kisha kiharusi au maradhi ya kusahau yakawafikisha wazee hao kwenye makao ya uuguzi. Hatutaki kufungua hapa mjadala wa kama inafaa kumpeleka mzazi huko. Wanaohukumu kwa wepesi, wengi wao hawajapata kumgeuza mtu mzima asiyejiweza saa nane za usiku, nao wana zamu ya kazi saa kumi na mbili asubuhi.

Turudi kwenye ajali na siku zilizokwisha. Kama kufika kwa ajali kungefuta dhamana ya aliyesababisha kifo, dia isingekuwa na maana yoyote katika sheria yetu. Aya ya 92 ya Suratun Nisaa imeweka dia na kafara kwa aliyeua kwa makosa, pasi na kukusudia, na wala hakuna muumini anayesema kwamba aliyeuawa hivyo alikufa kabla ya siku yake. Mtume (S.A.W.) naye alimbebesha dhamana mtu anayetibu watu hali hajulikani kuwa ni tabibu. Basi kampuni iliyopokea malipo ya kumlisha, kumnywesha na kumgeuza mgonjwa, kisha ikaajiri wahudumu wachache ili ibaki na faida, inaachiliwa kwa hoja ipi?

Sisi tunaona kwamba sitara iliyoamrishwa kwa muoshaji ni ya kusitiri aibu ya maiti. Kidonda cha kupuuzwa si aibu ya maiti, ni kosa la mwingine lililoandikwa juu ya mwili wake. Muoshaji asilipeleke barazani, lakini amwite mtoto au mjane pembeni amweleze, na ikiwezekana warithi wapige picha wenyewe kabla ya kukafini. Sisi huzika haraka, na ndivyo ilivyo Sunna, na wengi wetu huchukia maiti kupasuliwa. Hilo lina maana kwamba maiti ikishazikwa, ushahidi uliobaki ni picha, kumbukumbu za hospitali, cheti cha kifo, na daftari za wauguzi ambazo familia ina haki ya kuomba nakala zake. Wapo wagonjwa ambao ngozi huwaharibika mwishoni mwa uhai hata wakihudumiwa vyema. Hilo wataliamua wataalamu, lakini hawawezi kuamua juu ya kitu ambacho hawakuonyeshwa.

Sheria ya majimbo mengi ya Marekani hutenganisha madai mawili. Moja ni la marehemu mwenyewe, kwa maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, na hilo huingia katika mali aliyoiacha. La pili ni la walionyimwa mtu wao, yaani mjane, watoto na wengine wanaotajwa na sheria ya jimbo. Muda wa kudai ni mfupi: New York na Texas ni miaka 2, Kentucky ni mwaka 1 tu kwa utaratibu wake. Familia inayongoja mpaka machungu yapoe huenda ikakuta mlango umefungwa.

Na mlango huweza kufungwa hata kabla ya mgonjwa kulala usiku wake wa kwanza. Mwaka 2008 wazee wawili waliingizwa katika makao ya uuguzi ya kampuni ya Kindred huko Kentucky, na mwaka uliofuata wote wawili wakafariki. Mke wa mmoja na binti wa mwingine walidai kwamba huduma duni ndiyo iliyowaua. Lakini wanawake hao, kila mmoja akiwa na hati ya uwakala, walikuwa wametia saini karatasi isemayo kuwa ugomvi wowote utapelekwa kwa mwamuzi wa faragha badala ya mahakama. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema wakala hawezi kumpotezea mtu haki ya kwenda mahakamani ila hati iwe imetaja hivyo kwa uwazi. Tarehe 15 Mei 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya mmoja, ikaitupa kanuni hiyo. Karatasi ya binti ikasimama, na shauri la mke likarudishwa Kentucky kuangaliwa upya.

Nani kati yetu husoma lundo la karatasi za mapokezi, mama yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu anauliza yuko wapi?

Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilijaribu kupiga marufuku mikataba hiyo kabla ya ugomvi kutokea, na mahakama moja ya Mississippi ikaizuia. Kanuni iliyokuja mwaka 2019 ni nyepesi zaidi, lakini ina faida: makao yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani mifuko ya afya ya serikali, hayaruhusiwi kuifanya saini hiyo kuwa sharti la kumpokea mgonjwa, na aliyetia saini ana siku 30 za kuifuta.

Madai mengi ya namna hii humalizwa kwa suluhu, nayo suluhu si kuuza damu ya mzazi. Tumesikia maneno hayo yakisemwa msikitini na yanatuudhi. Warithi wa damu katika Uislamu wana haki ya kuchukua dia, wana haki ya kusamehe, na wana haki ya kupatana. Anayesamehe ana ujira wake, lakini hakuna mtu wa barazani mwenye mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mjane.

Ila suluhu nayo husomwa. Kiasi kinachotajwa sicho kinachofika mkononi: wakili huchukua sehemu yake, mara nyingi theluthi na pengine zaidi, zinatoka gharama za wataalamu, na Medicare hudai kurudishiwa ilicholipa kwa matibabu ya madhara hayo hayo. Kisha mara nyingi huwamo kifungu cha kunyamaza: familia isiseme kiasi, na wakati mwingine isiseme hata yaliyotokea. Kiasi cha fedha kifichwe, hatuna neno. Lakini kufunga mdomo juu ya kidonda ni jambo jingine, kwa sababu kitanda kile hakibaki kitupu. Wakili aambiwe mapema kwamba familia haitakubali kuzuiwa kusema mzee alikufaje, wala kutoa habari kwa wakaguzi wa jimbo. Hili lina uzito zaidi leo. Kanuni ya mwaka 2024 iliyotaka kila mkazi apate wastani wa saa 3.48 za huduma ya uuguzi kwa siku ilibatilishwa na mahakama ya shirikisho huko Texas mwezi Aprili 2025.

Imebaki fitina ya mgao, na hapa simu za kutoka huku nyumbani ndizo zinazowasha moto. Kaka wa marehemu huanza kusema fedha za damu ni za ukoo, na mjane ni mtu wa nje. Umar bin Khattab (R.A.) naye aliwahi kuona kwamba mke harithi katika dia ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam adh-Dhibabi urithi wake katika dia ya mumewe. Umar akaiacha rai yake. Kama Umar aliiacha, ami mtu wa Kariakoo au Mvita ataing'ang'ania yake kwa dalili gani? Kwa wanazuoni walio wengi, dia ni kama mali nyingine ya marehemu: hulipwa madeni yake, hutekelezwa wasia, kisha hugawiwa warithi kwa mafungu yao. Sheria ya jimbo huenda ikagawa kwa namna nyingine, kwa hiyo warithi wakae pamoja na mtu ajuaye mirathi, na wamshirikishe wakili, kabla ya hati ya suluhu kutiwa saini. Fungu la mtoto mdogo lisiguswe na yeyote katika mapatano hayo.

Na ambaye amemwingiza mzazi wake mwezi huu, akafungue bahasha ya karatasi za mapokezi usiku wa leo na atazame tarehe ya saini. Zikiwa siku 30 hazijatimia, barua ya kufuta iandikwe kesho, ipelekwe kwa mkono, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.